Mombasa kwa Miguu: Soma Maji Kabla ya Kusoma Ramani

Mgeni anayepanga likizo ya Mombasa huanza na orodha ya mahali: Ngomeni (Ngome ya Yesu), Pembe za Ndovu, Lighthouse (ukingo wa Mama Ngina), ufuo wa Bamburi. Orodha haina kosa. Kosa huwa kwenye saa. Ufuo ambao saa nne asubuhi una mchanga mpana kama uwanja wa mpira, saa kumi jioni ya siku hiyohiyo unaweza kuwa hauna pa kuweka hata ndara, mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli. Na kichochoro cha Mji wa Kale chenye kivuli na upepo saa mbili asubuhi, saa saba mchana ni tanuri, na nusu ya maduka yamefungwa. Ndiyo maana tunaanza na bahari na jua, kisha ndipo twende mahali pa kutembelea.

Saa zote humu ni za Kiswahili.

Hesabu ya maji

Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Maji yakikupwa leo saa nne asubuhi, kesho yatakupwa kama saa tano kasoro dakika kumi.

Kiasi nacho hubadilika. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukiwa nusu huwa maji mafu, na tofauti hushuka hadi kama mita moja tu. Asiye na jedwali na atumie kalenda ya Kiislamu, kama wavuvi wanavyofanya. Tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi ni mlango wa bamvua, na maji makubwa zaidi huja siku moja au mbili baadaye. Tarehe 7 na 8, na tena 22 na 23, ni maji mafu.

Jambo linalowafaa zaidi watembezi ni hili: kwa pwani hii, bamvua lina saa zake. Siku za bamvua maji hukupwa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi yamejaa, jioni yametoka, ingawa hayaendi mbali.

Mpango wa likizo unatoka hapo wenyewe. Likizo yako ikiangukia bamvua, asubuhi ni za ufuoni na mwambani, na jioni ni za Lighthouse, ambako unasimama juu ya jabali na maji yaliyojaa ndiyo yanayoleta uhondo. Ikiangukia maji mafu, asubuhi tembea mjini na jioni ndiyo uende ufuoni. Watu wengi hufanya mpango wa pili siku za bamvua: wanazunguka mji asubuhi kwenye jua, wanafika Bamburi saa kumi jioni na watoto na mpira, halafu wanabaki wamesimama kwenye ngazi wakitazama mahali ambapo ufuo ulikuwa.

Jedwali la maji la bandari ya Kilindini linapatikana kwenye intaneti na kwenye programu za simu. Angalia mambo mawili. Kwanza, saa zake ni za mtindo wa 24, basi 10:12 ni saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Pili, baadhi ya majedwali hutumia saa za Greenwich badala ya saa za Afrika Mashariki, na hapo lazima uongeze saa tatu. Ukisoma jedwali linalokuambia kwamba siku ya mwezi mpevu maji yatakupwa saa moja asubuhi, umeshika la Greenwich.

Msimu

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta maji maangavu na joto kali. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huleta upepo wa nguvu, mawimbi, maji yaliyochafuka na mwani mwingi unaotupwa mchangani. Mwani si uchafu, lakini ukioza hunuka na huficha vitu vyenye ncha. Mvua za masika hunyesha Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo huongoza. Anayetaka kuona samaki chini ya maji aje Oktoba hadi Machi. Anayetaka kutembea tu bila kuloa jasho atafurahia Julai na Agosti zaidi, hata kama bahari imechafuka.

Asubuhi ya mjini: Ngomeni na Mji wa Kale

Kunywa chai mapema. Mahamri na mbaazi za nazi hupatikana kwenye vibanda na mikahawa ya mjini tangu alfajiri, na kufika saa tatu zilizo nzuri zimekwisha.

Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji huiita Ngomeni, hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Uwe mlangoni saa mbili kamili. Uwanja wa ndani hauna miti ya kutosha, na kuta za matumbawe hurudisha joto usoni kuanzia saa nne. Makumbusho haya ni ya serikali na malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa M-Pesa au kadi, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na bando kabla hujafika dirishani. Mkenya na mkaazi wa Afrika Mashariki wana viwango vyao, ila lazima waonyeshe kitambulisho.

Wareno waliijenga ngome hii kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano. Waomani waliizingira Machi 1696 wakaiteka Desemba 1698. Waingereza waliigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia 2011. Miaka hiyo inatosha kukusaidia kusoma kuta. Ukipitia kila kibao kimoja kimoja utachoka kabla ya mambo mazuri, basi fuata mpango huu wa saa moja na nusu.

Ukishapita mlango mrefu wa kuingilia, nenda kwanza kwenye jumba la maonyesho, kabla vikundi vya shule havijafika. Tafuta vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyokuja kuokoa ngome wakati wa mzingiro wa Waomani ikazama mbele yake 1697. Wapiga mbizi waliichimbua miaka ya 1970. Kisha tafuta michoro ya ukutani ya askari wa Kireno: merikebu, watu na samaki, imechorwa na watu waliokuwa na muda mwingi na kazi kidogo. Kwetu sisi hiyo ndiyo hazina ya ngome nzima, na wengi huipita wakikimbilia mizinga. Malizia juu kwenye Nyumba ya Waomani, ambako upepo wa bahari huingia dirishani na unaona paa za Mji wa Kale unaokwenda kuuzunguka.

Langoni utakutana na vijana wanaojitolea kukuongoza. Wapo wanaojua kazi. Mwombe akuonyeshe kitambulisho cha uongozaji, mpatane bei ya kikundi kizima na si ya kichwa, na useme mapema kama unataka ngome tu au na Mji wa Kale pia. Ugomvi mwingi wa malipo hutokana na kutosema hilo la mwisho.

Kutoka Ngomeni, shika barabara ya Mbarak Hinawy kuelekea kaskazini. Utapita Msikiti wa Mandhry wenye mnara wa umbo la peke yake, unaohesabiwa kuwa wa 1570, kisha utafika Uwanja wa Serikali na lango la Bandari ya Kale, yaliko majahazi. Mwendo wote ni chini ya kilomita moja. Usipige picha ndani ya eneo la bandari, wala usiingie msikitini bila kukaribishwa. Rudi kwa Ndia Kuu. Jina hilo ni la Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambamo “njia” ni “ndia”. Ndiyo barabara yenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Upande wa majini kuna ngazi za Leven, zilizopewa jina la manowari ya Kapteni Owen, yule aliyetangaza ulinzi wa Waingereza juu ya Mombasa 1824, ulinzi ambao serikali yake mwenyewe iliuacha 1826. Ngazi huteleza maji yakiwa yametoka hivi karibuni, kwani ukoga haujakauka.

Kupotea humu ni rahisi na hakuna hatari. Bahari iko mashariki, chini ya mteremko, na barabara kubwa za magari ziko magharibi. Fuata honi za tuktuk utatokea Makadara au Digo. Ukiuliza njia, anza na salamu, kisha swali. Mzee aliyeketi barazani na ambaye umempa shikamoo atakueleza hata kichochoro kisicho kwenye ramani, lakini ukimwendea na “samahani, Ndia Kuu wapi?” utaonyeshwa kidole tu. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Leso moja mkobani inamaliza mjadala huo, na baadaye itakufaa ufuoni.

Ijumaa maduka hufungwa kwa sala tangu saa sita mchana hadi saa nane. Ramadhani mikahawa ya Mji wa Kale haipiki mchana, ila usiku baada ya futari ndiyo wakati wenye raha kuliko yote ya mwaka: viazi karai, bhajia, kaimati na sharubati ya ukwaju kila kona.

Leso hununuliwa barabara ya Biashara, si kwenye vibanda vya karibu na ngome. Huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, na mafundi walio barazani huzikata na kuzipinda papo hapo. Soma jina la leso kabla ya kulipa. Yapo maneno ambayo hutaki kumpelekea mama mkwe.

Pembe za Ndovu za barabara ya Moi ni za alumini, na ziliwekwa kwa mara ya kwanza 1952 kwa ziara ya Princess Elizabeth. Zipitie ukielekea kwingine. Hazistahili safari yake peke yake, na wanaosimama katikati ya barabara kupiga picha huwa hawaoni bodaboda.

Jioni ya Lighthouse

Ukingo wa Mama Ngina, ambao wenyeji huuita Lighthouse kwa sababu ya mnara wa taa wa Ras Serani, ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya 2019. Kutoka Ngomeni ni kama nusu saa kwa miguu, au tuktuk ya dakika chache. Patana bei kabla ya kukaa, na useme “tuktuk nzima” au “ya kuchanganya”, maana ni bei mbili tofauti.

Fika saa kumi na nusu. Jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo hivi mwaka mzima, na huzama upande wa Likoni, si baharini. Anayetafuta picha ya jua likizama majini amekosea pwani. Kinachotazamwa hapa ni meli. Mkondo wa kuingia Kilindini unapita karibu sana na ukingo, na meli ya makontena ikiongozwa na matagi, boti za kuvuta meli, hupita kama jengo linalotembea. Haina ratiba ya basi. Tumia programu ya simu inayoonyesha meli zilipo: ukiona iliyokuwa imetia nanga nje imeanza kusogea kuelekea ras, una kama nusu saa ya kununua madafu.

Cha kula ni muhogo wa kukaanga au wa kuchoma, ukapasuliwa, ukatiwa chumvi, pilipili na ndimu. Muhogo mzuri hupasuka wenyewe na ndani ni mweupe kama unga. Ukiwa na mishipa ya kijivu urudishe bila haya. Achari ya embe, kachiri, mabuyu mekundu na kahawa chungu ya dele huzungushwa na wachuuzi. Beba hela ndogo, au uliza namba ya M-Pesa kabla ya kuagiza.

Jumapili jioni mji mzima uko hapa, na magari hayaondoki kabla ya saa mbili usiku. Jumanne utapata benchi chini ya mbuyu peke yako.

Usishuke kwenye majabali yaliyo chini ya ukingo. Mwamba wa matumbawe huliwa chini na mawimbi, kwa hiyo unaposimama ukingoni mara nyingi chini yako ni tupu. Kusi ikivuma, wimbi moja kati ya mengi hupanda kuliko yale uliyokuwa ukiyahesabu. Usiogelee hapo pia: maji ya Kilindini nzima huingia na kutoka kwa mlango huo.

Mwisho wa ukingo, upande wa magharibi, kuna Feri ya Likoni. Wapitao kwa miguu hawalipi. Kwenda na kurudi ni njia ya bure ya kuona bandari kutoka usawa wa maji, mradi usiende saa za kazi: asubuhi hadi saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi. Mkoba ubebe kifuani. Usipige picha, kwani imekatazwa kwa usalama. Subiri mlango wa feri ulale chini kabisa ndipo utembee, hata kama umati unakusukuma.

Mwendo wa ufuoni: Nyali hadi Bamburi

Matatu za kwenda Bamburi na Mtwapa huvuka daraja la Nyali. Mwambie makanga “Pirates”, ndiyo ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Kwa mwendo mrefu, anzia Nyali na umalizie hapo, kwa sababu mwisho wake kuna vyoo, chakula na matatu za kurudi, na ukianza mapema jua linakuwa upande wako wa kulia badala ya usoni.

Toka saa mbili kabla ya maji kukupwa kabisa. Mchanga uliotoka kulowa ni mgumu na mguu hauzami. Ule mkavu wa juu utakuchosha mara mbili. Ukitembea saa mbili kabla na saa moja baada, una saa tatu za ufuo mpana, na hiyo inatosha hata kwa anayesimama kila hatua kutazama kaa. Ukichelewa, tatizo ni kuta. Hoteli nyingi zimejenga hadi ukingoni, na maji yakishagusa ukuta huna pa kupita ila kuzunguka hadi barabarani kwa vijia vya umma, ambavyo si vingi.

Vijana wa ufuoni watakuuzia safari za boti, ngamia, vinyago na stori. Jibu moja la upole, “Asante ndugu, leo natembea tu”, likifuatwa na mwendo usiobadilika, hutosha. Ukisema “labda kesho” umeweka miadi, nao hawasahau nyuso.

Bahari iliyo mbele ni Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa 1986, na kuingia kwa boti kuna ada ya shirika la wanyamapori, mbali na bei ya boti. Uliza kama bei uliyopewa inahesabu ada. Makombe, matumbawe na kiti cha pweza viache vilipo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, fuo zikiwemo, tangu Juni 2020. Beba chupa ya kujaza, lita moja na nusu kwa kila mtu.

Kwenda mwambani

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huumia. Mwamba hutokeza siku za bamvua tu. Siku za maji mafu usihangaike. Vaa viatu vyenye soli ngumu vilivyofungwa, kwa kuwa ndara huvutwa na tope. Nenda na mtu anayeijua njia, ukanyage mchanga na mawe mafu, kamwe usikanyage matumbawe hai.

Anza kurudi maji yakiwa bado yanatoka, au dakika yanapogeuka. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Bamvua la mita 3 likianza kujaa, saa ya kwanza hupanda kama sentimita 25 tu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Saa ya pili hupanda 50, ya tatu 75, ya nne 75 tena. Zaidi ya hayo, maji huingia kwanza kwenye mifereji iliyo kati ya mwamba na ufuo, yaani nyuma yako. Unaweza kuwa umesimama pakavu huku njia yako ya kurudi imefika kiunoni.

Ukijikata kwa tumbawe, osha kwa maji safi na sabuni, sugua chembe zote zitoke hata kama panauma, kisha paka dawa. Kidonda cha tumbawe kilichooshwa kwa maji ya bahari tu kinaweza kuoza. Ukikanyaga kile kijinyama cheusi chenye miiba mirefu kama nungunungu, usichimbe kwa sindano, kwani miiba hukatika vipandevipande. Toa inayoshikika, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, na iliyobaki mingi huyeyuka yenyewe. Lakini kama maumivu ni makali kupita kiasi na yanapanda mguuni, huenda umekanyaga yule samaki anayejifanya jiwe: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika mara moja, na uende hospitali huku bado umeloweka.

Na ukifika Pirates ukakuta maji yameshaanza kupanda, kaa chini ya mvinje ununue kachiri. Kesho yatatoka dakika 50 baadaye kuliko yalivyotoka leo.